Mzee bado anaweka kredo kwa laini ya marehemu mama, tumwache ama tufanye nini?

MtotoWaGadi (Nakuru)

Habari zenu wadau. Naomba mnisome mpaka mwisho juu hii kitu imenikalia kwa roho na huku nyumbani tumeanza kukosana.

Mama yetu alituacha mwaka jana mwezi wa nane, akiwa na miaka 76. Nyumbani ni upande wa Luanda, Vihiga. Baba ako na 81. Wameishi pamoja zaidi ya miaka hamsini na sijawahi ona watu wanapendana kimyakimya vile. Mzee alikuwa gadi wa reli, alianza enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika 1977 yeye akaendelea na Reli ya Kenya mpaka akastaafu. Akifanya ile laini ya Kisumu kwenda Butere ndio alimpata mama pale stesheni ya Yala, mama alikuwa msichana anauzia abiria ndizi kwa dirisha. Mzee hupenda kusema treni ilikuwa inasimama Yala dakika chache tu, lakini mwenye bendera ya kijani alikuwa ni yeye, kwa hivyo haikuwa inaondoka kabla amalize kuongea. Mama naye alikuwa anajibu kutoka jikoni "na ndizi hukulipa". Tumekua tukiskia hiyo maneno kila Krismasi.

Sasa mambo ni hivi. Simu ya mama, ile ndogo ya kubonyeza, mzee hajakubali mtu aiguse. Iko kwa sanduku la mbao chumbani, imefungwa na leso. Kila wikendi anatuma kijana wa dada yangu dukani aweke kredo ya 20 kwa hiyo namba ndio laini isikatwe, anaitoa, anaichaji, anaifunga tena na leso anairudisha. Halafu jioni zingine akiwa amekaa kwa veranda anapiga hiyo namba. Simu inaita huko ndani chumbani, mlio wake ni wimbo wa kanisa wenye mama mwenyewe alichagua, mzee anaskiza mpaka inakatika halafu anaweka yake kwa mfuko anaendelea kukaa. Halii, haongei. Siku moja nilikuwa hapo nikamuuliza, baba unampigia nani? Akaniambia, "Namskiza tu."

Kaka yangu wa Nairobi anasema mzee anaanza kuchanganyikiwa, tumpokonye hiyo simu na nimchukue huku Nakuru nikae na yeye Kiamunyi apate watu wa kuongea nao. Dada yetu mkubwa anataka nguo za mama zigawanywe vile desturi inasema, maana kikao cha kugawa kilifika na mzee akakataa sanduku lifunguliwe. Halafu baba mdogo naye amekuja na yake, ati mzee atafutiwe mama wa makamo wa kumpikia kabla upweke umumalize. Mzee kuskia hiyo aliinuka akaenda shambani, hakurudi mpaka giza.

Mimi naogopa tukimpokonya tutamuua, na tukimwacha labda tunamwacha azame. Mwenye amepitia hii na mzazi wake, ama yeye mwenyewe amebaki bila mtu wake uzeeni, aniambie. Kuendelea kupenda mtu ameenda namna hii ni ugonjwa?

---

NyarSeme (Kisumu)

Pole sana mwanangu. Mimi ni mjane, niko hapa Seme, jaoda alilala 2019. Usiguse hiyo simu. Nimesema hiyo kwanza, sasa nieleze.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa praimari na alikuwa na tabia ya kuandika kila shilingi kwa daftari. Si barua za mapenzi, ni hesabu ya nyumba. Yako kwa kabati mpaka leo, ya rangi ya buluu yale ya shule, mengine mchwa umekula kona. Unafungua unapata 1974, sufuria mbili na karai, Kibuye. Debe la mahindi. Nauli na maziwa ya mama, Russia, kijana amezaliwa. Russia ni ile hospitali ya Kisumu, hiyo ni siku ya kifungua mimba wetu na yeye ameandika na ile mwandiko yake ya ubao, herufi zimesimama wima, hakuna kitu kingine ameongeza. Wanaume wa rika lake hawakuwa watu wa kusema nakupenda. Lakini ukigeuza kurasa unaona viatu vya mama, kitambaa cha mama, miwani ya mama, mama ameongezewa ya soko. Miaka na miaka. Mimi sikujua ananiandika hivyo mpaka alipoenda.

Watoto walinipeleka huko huko Nakuru kwa binti yangu, nyumba nzuri, ghorofa ya tatu, kila kitu kiko ndani na hakuna kazi naruhusiwa kufanya. Nilikonda. Watu walidhani ni sukari. Unajua hapa kwangu najua ukuta alikuwa anaegemeza baiskeli, plasta imechubuka pale hendo ilikuwa inagusa, na sijaruhusu mtu airekebishe. Huko Nakuru hakukuwa na mahali popote amegusa. Usiku naamka sijui niko wapi na sijui yeye yuko wapi. Nikawaambia mnirudishe na nikarudi, na kulala nikalala.

Shemeji pia walikuja na maneno ya kurithiwa, kwa umri huu. Nikawaambia mimi bado niko na mume wangu. Wakaangaliana wakanywa chai wakaenda.

Sasa kitu nataka ukisikie vizuri. Mimi sikusaidiwa na kusahau, nilisaidiwa na kupata watu wa kuskiza. Wajukuu wakija nawasomea ukurasa mmoja wa daftari, wanauliza debe ni nini, mbona babu alinunua mafuta ya taa, tunaongea mpaka usiku na jina lake linaitwa kwa nyumba yake. Mzee wako anaskiza hiyo simu peke yake jioni, na mimi nakuuliza: nyinyi watoto mkiwa na yeye mnamtaja mama yenu, ama mkiona anakaribia mnageuza maneno ndio asihuzunike?

---

SistaWaKliniki (Kakamega)

Pole MtotoWaGadi. Mimi ni nesi, nimekaa kliniki ya presha na sukari muda mrefu, wazee wafiwa nimewaona wengi. Kwa yale umeandika kuna yenye si ugonjwa na kuna yenye ningeangalia leo leo.

Kuskiza simu ya mama si ugonjwa. Kuna daktari wa Wales, Dewi Rees, aliuliza wajane na wagane 293 wa sehemu yake na akachapisha 1971. Karibu nusu walisema wameshahisi mwenzao yuko karibu, wengine walimuona, wengine walimskia, wengine waliongea naye kabisa. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambia mtu hata mmoja, wengine waliogopa kuchekwa, na wengi walisema inawafariji. Hao ni watu wa akili timamu, wanalima, wanaenda kanisa. Zamani hata sisi tulifundishwa kwamba mfiwa lazima akatane na marehemu ndio apone. Hiyo imebadilika sana tangu miaka ya 1990, sasa inajulikana watu wengi huponea hapo hapo ndani ya upendo, wanabadilisha tu vile wanakaa na huyo mtu.

Kama kaka yako anaogopa kuchanganyikiwa, muulizeni mzee kwa upole mama yuko wapi. Akisema ameenda, amelala hapo nje, basi kwa hiyo ya mama hajachanganyikiwa, anajua anachofanya. Akisema ameenda soko Luanda na leo amechelewa kurudi, hapo sasa ni maneno mengine, apelekwe apimwe mambo ya kusahau.

Mwenye naogopea ni mwili wake. Miezi ya kwanza baada ya msiba ndio hatari ya aliyebaki kufuata mwenzake hupanda, hii imeonekana nchi nyingi, na wanaume ndio huumia zaidi. Kuna hata ugonjwa wa moyo Wajapani walieleza 1990, takotsubo, msiba ama mshtuko mkubwa unafanya chemba ya kushoto ya moyo ifure ishindwe kusukuma damu vizuri. Kifua kinauma, pumzi inakata, kila kitu kama mtu ameshikwa na moyo kawaida lakini mishipa haijaziba. Huo hupata zaidi wamama waliozeeka na wengi hupona wakitibiwa. Nautaja kwa sababu watu wetu hudharau, mzee akisema kifua kimebana wanamwambia ni huzuni baba, kunywa maji. Kifua kikibana ni hospitali, usiku ama mchana.

Lakini wengi wa wazee nimeona wakianguka, shida ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Mama ndiye alikuwa anajua dawa. Ile nyeupe asubuhi, ile ndogo jioni na chakula, siku ya kliniki ni ya ngapi, yote ilikuwa kwa kichwa ya mama, mzee alikuwa ananyoosha mkono tu. Mama akienda, hakuna mtu anauliza. Baba yako ako na presha? Nani anampa dawa sasa? Anakula nini akiwa peke yake, ama ni chai na mkate tangu asubuhi?

Na huzuni yenyewe ina mahali pa kuangalia. Shirika la Afya Duniani linasema ikipita miezi sita na bado inamfungia mtu kabisa, hawezi kukubali mwenzake ameenda, hawezi kukaa na watu wala kufanya mambo yake, na imepita kiasi chenye jamii yake imezoea, hapo anahitaji msaada wa kaunsela ama daktari. Baba yako anatuma mtoto dukani, anakaa veranda, anaenda shambani akikasirika. Huyo hajafika hapo.

---

KijanaWaWebuye (Bungoma)

Mi nitaongea kinyume kidogo, msinikasirikie.

Hiyo ya baba mdogo wenu si mbaya vile mnaifanya, shida ni vile ameileta. Mzee wangu alibaki akiwa na miaka 72. Mwaka wa pili akatuita sisi wote akasema yeye mwenyewe, nyumba imekuwa kubwa, nataka mtu. Dada zangu walilia sana, wakasema ni kama mama hakuwahi kuwa. Akaoa mama mmoja naye mjane wa huko Kimilili. Nyinyi mnajua kitu huwa wanafanya? Jumamosi jioni wote wawili wako kwa kaburi la mama wanang'oa nyasi, na huyo mama anamwambia mzee nielezee tena ile siku mlivukia mto ukiwa umejaa. Anauliza kwa kutaka kujua. Na yeye akisema ya mume wake wa kwanza mzee anaskiza hivyo hivyo. Wazee wawili, wafu wawili, na wote wanne wanakaa vizuri kwa hiyo boma.

Wenye mnakumbuka kesi ya yule wakili S.M. Otieno mnajua vile Wambui alipigania mwili wa mumewe. Otieno alikufa Disemba 1986 na hakuzikwa mpaka Mei 1987, Nyalgunga Siaya, korti ilipopea ukoo wake huo mwili. Nchi nzima ilisimama ikiangalia huyo mama. Sasa 2003 akiwa na miaka 67 Wambui akaolewa tena, na kijana, watu walisema kila kitu chenye mdomo unaweza kusema. Mimi sijawahi kuona vile hiyo ya pili ilifuta ile ya kwanza. Mtu hapigani miezi mitano kortini kwa mtu hampendi.

Kwa hivyo mzee wenu akitaka mtu siku moja msimfungie mlango kwa sababu ya kulinda mama. Lakini kumtafutia mke kama mnatafuta mfanyakazi wa jikoni, tena mama hajamaliza mwaka, hapana. Hapo alikuwa na haki kwenda shambani.

---

NyarSeme (Kisumu)

KijanaWaWebuye sijakasirika, umeongea ukweli, na huyo mama yenu wa Kimilili ana moyo mkubwa, msalimie. Ila iwe imetoka kwa mdomo wa mzee mwenyewe, si kwa kikao cha ndugu.

Na dada mkubwa asilaumiwe pia, MtotoWaGadi. Kugawa nguo ni jambo la heshima, watu wanataka kubaki na kitu cha mama, hata yeye anataka. Mwambieni mzee achague yeye. Asifunguliwe sanduku, afungue mwenyewe siku yake, atoe sweta hii kwa huyu, leso ile kwa yule, na akitaka kubakisha nusu abakishe. Mimi koti ya mwalimu nilitoa mwaka wa tatu, nikampa kijana wa jirani alipopata kazi ya kufundisha, na ilinifurahisha kuiona ikitembea barabarani.

---

MtotoWaGadi (Nakuru)

Asanteni sana, nimesoma zote kwa sauti mke wangu akiskia na hatukumaliza bila machozi.

Sista, hiyo ya dawa nilipiga simu nyumbani usiku huo huo. Ni kama ulikuwa umeingia kwa nyumba. Mama ndiye alikuwa anampimia, alikuwa anaweka vidonge kwa kifuniko cha flaski kando ya chai. Kijana wa dada ameenda kuangalia akapata karatasi za dawa zimejaa kwa droo. Jana amepelekwa kliniki, presha iko juu lakini si ya kutisha, wamempangia upya na sasa huyo kijana anaweka kwa kifuniko kile kile asubuhi na jioni. Mzee alipoona hicho kifuniko kwa meza alikiangalia kidogo akameza bila kubishana.

Na nilimuuliza mama yuko wapi vile ulisema, kwa simu, nikizungukazunguka. Akanijibu, "Kwani wewe hukuwa matangani?" Kaka nimemtumia hiyo, amenyamaza kuhusu kuchanganyikiwa.

Mama NyarSeme, swali lako lilinipata. Hatumtaji. Wikendi nilienda nyumbani, tukiwa kwa veranda nikamwambia baba nielezee ile ya Yala. Akaniangalia. Halafu akaanza, na hii mara alisema vitu hajawahi kusema, kwamba mama alikuwa anavaa kitambaa cha manjano kichwani ndio amtambue kutoka behewa la nyuma, juu gadi hukaa nyuma kabisa na stesheni ilikuwa inajaa watu. Na kwamba kuna siku kitambaa hakikuonekana, mama alikuwa mgonjwa na malaria, na mzee akapitisha treni mpaka Butere akiwa hajui kama ataendelea na hiyo kazi. Ameongea masaa. Tumezungumza pia Nakuru, hataki, na nimewaambia wenzangu hiyo tumefunga. Badala yake tunaenda kwa zamu, na kijana wa dada anahamia chumba cha nje.

Zile elfu mbili za Inua Jamii, pesa ya serikali ya wazee, mzee pia alinieleza, mama akipokea alikuwa ananunua betri za redio ya mzee kwanza kabla ya kitu kingine. Redio imekuwa kimya tangu matanga na sisi tulidhani hataki kelele. Nilinunua betri Luanda nikiwa njiani kurudi, nikamtumia na boda.

Kimebaki kitu kimoja. Hiyo simu ya mama nimeona mgongo umeanza kufura, kifuniko hakifungi. Ikizima kabisa sijui tutafanya nini. Kuna mtu anajua?

---

FundiSimu (Kondele)

MtotoWaGadi huo mgongo ni betri imefura, usiichaji tena hata siku moja, inaweza kupasuka ama ishike moto, na iko ndani ya sanduku la mbao na nguo. Waambie nyumbani waitoe hiyo betri leo, simu yenyewe iko sawa. Betri za hizo simu za kubonyeza bado zinapatikana, mradi uone namba imeandikwa juu ya ile ya zamani.

Ya pili, huo mlio wa wimbo, kabla ya kitu kingine mtu apige hiyo simu na simu ingine irekodi wimbo ukiita, kwa hicho hicho chumba. Simu ikifa hutaupata mahali pengine ukiwa umelia vile.

Ya tatu, laini. Imeandikishwa na kitambulisho cha mama, kwa hivyo kadi ikiharibika kuirudisha ni shida, wanataka mwenye laini. Usiitoetoe ukiweka kwa simu zingine kujaribu, hizo kadi za zamani zinachubuka. Na kama kuna pesa kwa M-Pesa yake, kijana asijaribu pini ya shosho hata kama anaijua. Hiyo ni mali ya marehemu, sheria ya urithi kifungu cha 45 inakataza mtu kushika kabla ya karatasi za korti, na nimeona familia zikipelekana polisi hapa kwa elfu tatu. Kredo endelea kuweka, hiyo haina neno.

Ya mwisho, sauti yake. Hata kama simu ya mzee haina WhatsApp, zenu zinazo. Kila mtu kwa familia atafute nyuma, mama lazima alimtumia mtu voisi akitumia simu ya jirani ama ya mjukuu. Ulizeni wamama wa kanisa, wa chama, wenye walirekodi harusi. Mkizipata msiache kwa simu moja, wekeni kwa kadi ndogo ya memori. Redio nyingi za betri siku hizi zina tundu la hiyo kadi, na nimeona umesema mzee ako na redio. Ikiwa ni ya zamani haina tundu, lete pamoja na simu ukipita Kondele nione, mpaka Jumamosi niko.